Habari za Alama za Vitabu, Tangu Hati za Kale Hata Miraba ya Simu

Mtu akipita katika soko la Buguruni, hapa Dar es Salaam, haendi hatua nyingi kabla ya kuona kibao au karatasi yenye mraba wa madoa meusi na meupe. Mwuza nyanya ametundika wake juu ya meza, mwenye duka la dawa amebandika wake ukutani, na risiti nayo hutoka mashineni ikiwa na mraba wake. Mnunuzi huuelekezea simu, simu hutambua ni nani wa kulipwa, na biashara imekwisha. Watu wamekwisha kulizoea jambo hili hata hawaulizi tena asili yake.

Siku moja mwanafunzi wa darasa la sita alinijia akiwa na kitabu cha hadithi, na nyuma ya jalada lake palikuwa na mraba kama ile ya sokoni. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia. Ndipo akauliza, "Je, kitabu chote kimo ndani ya mraba huu?" Wenzake wakacheka, nami nikatabasamu, lakini nilipofikiri niliona kwamba swali lile ni la haki, tena wengi katika sisi wakubwa hatuna jawabu lake. Maana alama hizi zimeingia sasa katika maktaba za nchi nyingi, na watu husema kwamba kwa njia yake mtoto asiye na maktaba karibu atapata vitabu vyote katika simu. Neno hili ni kweli kwa sehemu, na kwa sehemu si kweli. Ili tujue mpaka wake, yafaa tuanze mbali kidogo, tutazame jinsi watu walivyotia vitabu vyao alama tangu zamani.

Kitabu kimoja hakitaki alama, kwa kuwa mwenyewe hukijua kwa sura. Bali vitabu vikiwa elfu, na wasomaji wakiwa mia, hapana budi pawe na njia ya kukitambua kila kimoja bila ya kukifungua. Wayunani waliokaa Iskandaria katika nchi ya Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, walikuwa na maktaba kubwa ya magombo. Gombo likiviringishwa halionyeshi lililomo ndani; kwa hiyo ilikuwa desturi kuning'iniza penye ncha yake kipande kidogo chenye jina. Mtu mmoja wa elimu, aitwaye Callimachus, akafanya orodha ya waandishi na maandiko yao, na orodha yenyewe ikajaza magombo 120. Basi tangu hapo twaona mambo mawili yaendayo pamoja, yaani alama iliyo juu ya kitabu, na orodha iliyo mahali pengine. Msomaji na ayashike mawili haya, maana habari yote inayofuata imesimama juu yake.

Wazee wetu wa pwani nao walikuwa na desturi zao. Kabla ya mitambo ya kuchapa kufika Unguja, vitabu vya Pate, Lamu, Mombasa na Unguja viliandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka, ambao watu wa elimu huutaja miongoni mwa tendi za kale tulizo nazo, huhesabiwa kuwa ulitungwa Pate mwaka 1728. Katika hati nyingi za herufi hizo kurasa hazikutiwa namba. Mwandishi alipofika mwisho wa ukurasa aliandika chini, pembeni, neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Uzi ukikatika na karatasi zikitawanyika, mwenye kitabu aliweza kuzipanga tena kwa kuyafuata maneno yale. Tena kitabu kilichotolewa wakfu kwa msikiti au kwa wanafunzi kiliandikwa juu yake maneno ya wakfu, ya kwamba hakiuzwi, wala hakitolewi zawadi, wala hakirithiwi. Neno la chini ya ukurasa lilionyesha mahali, nalo neno la wakfu lilimtaja mwenyewe. Alama zote zilizokuja baadaye, hata hii ya simu, zinafanya kazi hizo hizo mbili.

Vitabu vya kuchapwa vilipozidi sana Ulaya na Marekani, shida ya kuvipanga ikawa kubwa. Katika maktaba nyingi namba ya kitabu ilikuwa namba ya rafu. Kitabu kilipewa mahali pake pa daima, na rafu ilipojaa, kazi yote ilianza upya. Mwaka 1876 Melvil Dewey, aliyekuwa akifanya kazi katika maktaba ya chuo cha Amherst, Marekani, alitoa mpango mwingine. Aliigawa elimu yote katika mafungu 10, na kila fungu katika mafungu 10 madogo, na kila dogo tena katika 10, kisha nukta, kisha tarakimu kadiri zinavyohitajiwa. Namba haikuonyesha tena rafu, bali ilionyesha jambo linaloelezwa kitabuni. Rafu zaweza kuhamishwa, nyumba yaweza kujengwa mpya, vitabu vipya vyaweza kuingizwa katikati, na namba isibadilike.

Mpango huu ndio ulioenea hata kwetu. Katika maktaba ifuatayo Dewey, historia ya Tanzania huwekwa penye 967.8, na sarufi na kamusi za Kiswahili penye 496.392. Walakini mpango una upungufu wake, nao yafaa utajwe. Dewey aliyapa maandiko ya Wamarekani, Waingereza, Wajerumani, Wafaransa na majirani zao mafungu mapana, kisha maandiko ya lugha zote nyingine za dunia akayasonga katika fungu moja la 890. Kwa hiyo Shakespeare hukaa kwa raha penye 822.33, lakini utenzi wa Kiswahili hauna budi kubeba 896.392, tarakimu sita, kabla hata ya kufikia jina la mtungaji. Namba haisemi uongo, lakini yaonyesha aliyeipanga alikuwa amesimama wapi alipoitazama dunia.

Hapa Tanganyika maktaba za watu wote ni jambo la karibu. Mwaka 1948 lilianzishwa shirika la East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, nalo likapeleka vitabu kwa masanduku na kwa posta hata kwa wasomaji wa mbali. Mwaka 1960 S. W. Hockey alitoa taarifa juu ya kueneza maktaba katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1963 ikatungwa sheria ya huduma za maktaba Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sikukuu ya Uhuru, Rais Julius Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa katika barabara ambayo leo inaitwa Bibi Titi Mohamed. Kutoka Buguruni mtu hushika barabara ya Uhuru, akapita Ilala na Mnazi Mmoja, akafika. Ni kilometa tano hivi. Kwa mtu mzima si mbali. Kwa mtoto anayehitaji nauli ya kwenda na kurudi, na ruhusa ya mama, na magari yamesongamana njiani, ni safari ya nusu siku.

Maktaba zilizofuata desturi ya Kiingereza zilikuwa na njia ya kuazimisha iliyo nyepesi. Ndani ya kila kitabu palikuwa na mfuko mdogo wa karatasi wenye kadi ya kitabu. Msomaji naye alikuwa na kikadi chake kilichofanywa kama mfuko. Alipoazima, mkutubi aliitoa kadi ya kitabu, akaitia katika kikadi cha msomaji, akaziweka pamoja ndani ya kisanduku kwa mpango wa tarehe ya kurudisha. Aliyezitazama aliona mara moja ni kitabu gani kimekwenda kwa nani. Njia hii haikuhitaji umeme. Ila kwa siku yenye wasomaji mia tano, mkutubi alishinda akipanga kadi, hana nafasi ya kumwonyesha mtu kitabu.

Dawa ya taabu hiyo haikutoka katika maktaba, bali ilitoka dukani. Mwaka 1948, katika mji wa Philadelphia, Marekani, kijana mmoja aitwaye Bernard Silver alimsikia mwenye maduka ya vyakula akiwaomba watu wa chuo wamtafutie njia ya kusoma habari za bidhaa mahali pa kulipia. Silver akamweleza rafiki yake, Norman Joseph Woodland. Woodland alikuwa amejifunza alama za Morse, zile za nukta na vistari, alipokuwa skauti. Siku moja akikaa pwani ya Miami alichomeka vidole katika mchanga, akavivuta, akaona mistari minene na myembamba. Mara akafahamu kwamba nukta na vistari vya Morse vikirefushwa kwenda chini vyaweza kusomwa na mashine. Wakaomba hati ya ugunduzi mwaka 1949, wakapewa tarehe 7 Oktoba 1952. Lakini mashine za kusomea hazikuwa tayari. Ilibidi kungoja taa ya leza na kompyuta ndogo. Ndipo tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja la mji wa Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya ubani wa kutafuna ikapitishwa juu ya kioo, nayo ikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa alama ya mistari ya namna itumikayo madukani hata leo. Twaiita msimbopau.

Maktaba hazikukawia kuipokea. Hapa watu wengi huchanganya alama mbili, nami nataka kuzipambanua. Nyuma ya kitabu kilichochapwa pana mistari iliyo juu ya namba ya ISBN, yenye tarakimu 13 tangu mwaka 2007. Namba hiyo hutaja chapa ya kitabu. Huanza kwa 978 au 979. Kisha hufuata namba ya nchi au ya lugha, na Tanzania imepewa 9976 na 9987. Kisha ya mchapishaji, kisha ya kitabu chenyewe. Tarakimu ya mwisho ni ya kukagulia. Chukua zile 12 za mbele, ya kwanza uizidishe kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hata mwisho. Ukijumlisha zote pamoja na ile ya kukagulia, jumla hugawanyika kwa 10 pasipo baki. Isipogawanyika, mahali fulani pana kosa. Wanafunzi na wajaribu kwa vitabu vyao. Ni hesabu njema.

Alama ya pili hubandikwa na maktaba yenyewe. Maktaba ikiwa na nakala kumi za kitabu kimoja, zote kumi zina ISBN moja. Lakini kila nakala hupewa namba yake ya peke yake, ili ijulikane ni ipi iliyopotea, na ni nani aliyeichukua. ISBN ni kama jina la ukoo, na namba ya maktaba ni kama jina la mtoto. Zamani orodha ya namba hizi ilikaa katika daftari kubwa. Siku hizi hukaa katika kompyuta. Vyuo kadha vya Tanzania hutumia programu iitwayo Koha, iliyoanza kazi Januari 2000 katika maktaba ndogo za New Zealand, nayo hutolewa bure. Jina lake ni neno la Wamaori, maana yake zawadi.

Sasa twafika kwenye mraba wa mwanafunzi wangu. Mistari ina upungufu mmoja, kwamba husomwa upande mmoja tu, kushoto kwenda kulia, kwa hiyo haibebi zaidi ya herufi na tarakimu kama ishirini. Huko Japani, katika viwanda vya vyombo vya motokaa, sanduku moja lilibandikwa alama kadha za mistari, na wafanyakazi walichoka kuzisoma moja moja. Mhandisi Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso wakatafuta alama isomwayo kwa mapana na kwa marefu pamoja, wakaitoa mwaka 1994. Inasimuliwa kwamba Hara alipata wazo kwa kuutazama mchezo wa Go, unaochezwa kwa kete nyeusi na nyeupe juu ya ubao wa miraba, kama bao letu lilivyo na mashimo yake. Hiyo ndiyo iitwayo QR. Kampuni ilikuwa na haki juu ya ugunduzi ule, lakini haikuwatoza watu. Na kwa sababu hiyo alama ikaenea hata ikafika Buguruni kwa mwuza nyanya.

Tazama mraba wowote, utaona katika pembe tatu macho matatu makubwa. Ukipitisha mstari katikati ya jicho, utakuta nyeusi kipimo kimoja, nyeupe kimoja, nyeusi vitatu, nyeupe kimoja, nyeusi kimoja. Wenye kuitunga walichunguza magazeti na karatasi nyingi za kuchapwa, wakachagua uwiano huo kwa kuwa ni nadra kuonekana katika maandishi. Kwa hiyo simu ikiona macho yale, hujua papo hapo kwamba mraba uko hapa, na upande wa juu ni huu, hata ukiwa umepinduliwa. Tena habari hutiwa kwa njia ya akiba, hata mraba wa namna imara waweza kusomeka ijapokuwa karibu 30 katika mia ya habari zake zimechafuka au kuchanika. Kitabu cha shule, ambacho hupita mikononi mwa watoto arobaini, kinahitaji alama ya namna hiyo.

Basi, je, kitabu chote kimo ndani? Mraba mdogo kuliko yote una vyumba 21 kwa 21, na mkubwa kuliko yote 177 kwa 177. Huo mkubwa, ukijazwa maandishi ya kawaida, hubeba herufi 2,953 zikihesabiwa pamoja na nafasi, yaani ukurasa mmoja wa kitabu, au kuzidi kidogo. Makala haya unayoyasoma yangetaka miraba mikubwa ipatayo sita. Tena ukitaka mraba uwe imara wa kuvumilia uchafu, herufi hushuka hata 1,273. Kwa hiyo nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: "Hapana, mwanangu. Aghalabu ndani ya mraba mna anwani tu. Simu huisoma anwani, huenda kwa njia ya intaneti mpaka mahali palipotajwa, na huko ndiko kitabu kiliko, kama kipo." Akaniuliza, "Na kama hakipo?" Jawabu la swali hilo la pili nitalitoa hapa chini.

Kabla ya hapo ni lazima niseme kidogo juu ya ndugu wa mraba huu, yaani elimu ya kuweka picha au maneno juu ya vitu vinavyoonekana. Watu wa elimu huiita uhalisia ulioongezwa. Mwaka 1968 Ivan Sutherland wa Marekani alitengeneza chombo cha kuvaa kichwani, kizito hata kikaning'inizwa darini, ambacho mvaaji aliona kwacho michoro ikielea chumbani. Baada ya mwaka 1990 wahandisi wa kampuni ya ndege ya Boeing, Tom Caudell na David Mizell, walitaka fundi anayepanga nyaya za ndege aone mchoro wake juu ya kazi yenyewe, nao ndio walioipa elimu hii jina lake. Mwaka 1999 Hirokazu Kato wa Japani akatoa programu iliyotumia kibao chenye mraba mweusi. Kamera huziona pembe nne za mraba, kompyuta hupiga hesabu ya umbali na mwelekeo, kisha huchora kitu kana kwamba kimesimama juu ya kibao. Ukikigeuza kibao, na kitu hugeuka.

Katika maktaba elimu hii imejaribiwa kwa kazi isiyo na fahari, lakini ya manufaa sana. Mwaka 2011 Bo Brinkman na wenzake, katika chuo kikuu kiitwacho Miami kilichoko jimbo la Ohio, walionyesha programu ya kukagua rafu. Kila kitabu kilibandikwa mgongoni alama ndogo yenye namba yake. Mkutubi aliipitisha kamera mbele ya rafu, na katika kioo akaona vitabu vilivyo mahali pake vikitiwa alama ya sawa, na kilichopotea njia kikitiwa alama nyekundu ya kosa. Kazi ya siku nzima ikawa ya dakika. Faida yake yaonekana tukiifikiri maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018, ambayo ina nafasi ya vitabu 800,000. Katika nyumba kubwa kiasi hicho, kitabu kilichorudishwa rafu isiyo yake ni sawa na kitabu kilichoibiwa, ila kinaendelea kuhesabiwa kuwa kipo.

Yako mambo mengine ambayo yangefaa nchi yetu zaidi ya Ohio. Katika maktaba ya Chuo Kikuu hicho hicho zimo hati za Kiswahili za herufi za Kiarabu, ambazo J. W. T. Allen alizitolea katalogi mwaka 1970. Hati za namna hiyo haziwezi kupita mikononi mwa watoto, kwa kuwa karatasi zake ni dhaifu, wala wengi wetu hatujui tena kuzisoma. Lakini mraba uliowekwa kando ya picha ya ukurasa waweza kumfungulia mtoto sura yake, na chini ya kila mstari maneno yake kwa herufi tulizozizoea, na sauti ya mzee akiughani. Kadhalika hapa Buguruni iko shule ya viziwi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Kwa mtoto kiziwi ukurasa wa maandishi matupu una ukuta mkubwa. Mraba pembeni mwa hadithi, unaofungua picha hai ya mtu akiisimulia kwa lugha ya alama, ungekuwa kwake mlango. Siandiki kwamba mambo haya yamekwisha kufanywa. Naandika kwamba yanawezekana, na chombo chenyewe kimo mfukoni mwa watu.

Sasa narudia swali la pili la mwanafunzi: na kama kitabu hakipo? Nililiona jambo hili kwa macho yangu katika shule moja, ambayo sitaitaja. Walikuja wageni wema, wakabandika miraba katika kabati la vitabu na juu ya kila jalada. Mwezi ule ilikuwa furaha. Mwalimu aliyetunza vitabu aliambiwa kwamba daftari lake la namba halina kazi tena, nalo likawekwa juu ya kabati. Haikupita miaka miwili, miraba yote ikanyamaza. Haikuchanika wala kufutika. Ilikuwa mieusi na safi kama siku ya kwanza. Lakini ilikuwa imetengenezwa bure katika mahali fulani pa mtandaoni, na anwani iliyokuwa ndani yake haikuwa ya shule, bali ilikuwa ya watu wale wa katikati, ambao walitaka kulipwa kila mwaka. Hakuna aliyelipa. Msichana mmoja aliniambia kwamba alimaliza kifurushi cha intaneti cha mama yake akijaribu mraba baada ya mraba, akidhani kosa ni la simu. Mama yake huuza maandazi, na kifurushi kile kilikuwa cha kupokelea maombi ya wateja. Alipigwa maneno jioni ile kwa kosa lisilo lake.

Tena tulipotaka kujua ni vitabu gani vimepotea, hakuna aliyejua. Ndipo likakumbukwa daftari la juu ya kabati. Tukalipangusa vumbi, tukakaa Jumamosi moja na wanafunzi kumi na wawili, mmoja akisoma namba zilizoandikwa kwa wino ndani ya jalada, mwingine akitafuta katika daftari. Hata jioni tulikuwa na orodha kamili. Vitabu 31 havikuonekana, na 9 katika hivyo vilirudi juma lile baada ya watoto kuulizana majumbani. Namba ya wino na daftari la karatasi vilikuwa vimengoja, wala havikudai malipo.

Nisifahamike vibaya. Sisemi kwamba turudi kwenye kadi na mifuko ya karatasi. Shule yenye walimu wachache inahitaji sana msaada wa mashine. Nasema tu kwamba alama haikuwa kitabu hata siku moja, tangu kipande kilichoning'inia katika gombo la Iskandaria. Alama huita jina, na lazima awepo wa kuitika, yaani orodha iliyotunzwa, na mtu anayeitunza. Iskandaria magombo yalikwisha, na orodha ya Callimachus nayo ikapotea, hata tumebakiwa na vipande vilivyonukuliwa na wengine. Pale pasipo mtunzaji, hakuna alama itakayosaidia.

Kwa hiyo, kwa walimu wenzangu wanaotaka kutia miraba katika maktaba zao, nina maneno manne. Kwanza, mraba uwe na anwani iliyo ya shule au ya maktaba yenyewe, au ya shirika litakalodumu, isiwe ya mtu wa katikati. Pili, pale habari ilipo fupi, kama shairi la wanafunzi au maelezo ya picha, yatiwe maneno yenyewe ndani ya mraba. Hapo simu itayasoma bila ya intaneti, na hakuna atakayemaliza kifurushi cha mama yake. Tatu, namba ya kitabu iandikwe pia kwa wino, na daftari litunzwe, hata kama kompyuta ipo. Nne, watoto wafundishwe kutazama anwani kabla ya kuifuata, na kuukataa mraba uliobandikwa juu ya mwingine, maana wadanganyifu wa sokoni wamekwisha kujua hila hiyo.

Na kwa wenye mamlaka nina ombi moja. Mraba wa simu usifanywe sababu ya kuacha kujenga maktaba karibu na watu. Mtoto wa Buguruni akielekezwa kwenye simu ambayo si yake, kwa kifurushi ambacho si chake, bado hajapewa maktaba. Apewe rafu anayoweza kuifikia kwa miguu, na mkutubi anayemjua kwa jina. Kisha mraba na uongezwe juu ya hayo, umfungulie hati za Pate na vitabu vya dunia nzima.

Mwanafunzi yule sasa ndiye anayetunza daftari la darasa lake. Ameandika kila kitabu kwa wino, na pembeni mwa vitabu vitano amechora kwa kalamu mraba mdogo wenye macho matatu. Nilipomwambia kwamba simu haitausoma mchoro ule, alijibu kwamba anajua; ameuweka kama ukumbusho wa vitabu anavyotaka kuvitengenezea mraba wa kweli, atakapojua jinsi ya kufanya.